Mchanga katika Jicho Lililopona



Mzee mmoja wa msikiti wetu alifanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho mwezi wa Rajab. Alhamdulillah, nuru ikarejea, akawa anasoma msahafu kila baada ya Swala ya Alfajiri. Ilipoingia Ramadhani tulimwona akihama safu iliyo chini ya feni, na msahafu akiuacha rafuni. Tulipomuuliza alijibu kwa sauti ya chini: “Wanangu, jicho lina mchanga. Nachelea kuwaambia watoto. Wametumia fedha nyingi.” Matone ya hospitali nayo alikuwa ameyaacha mchana, akihofia saumu yake.

Tunaandika haya kwa kuwa wazee wanaonyamaza hivyo si haba. Anachokihisi si mtoto wa jicho aliyerudi, bali ni ukavu wa macho. Daktari anapopasua ngozi angavu ya mbele ya jicho, hukatika mishipa midogo ya fahamu inayoamsha machozi na kupepesa kwa kope. Matone yenye vihifadhi nayo huweza kulikereketa jicho. Ndipo huja mchomo na mwasho, na pengine machozi kutiririka. Kwani jicho kavu likikereketwa hutoa maji mepesi yasiyolilainisha. Kwa wengi hali hupungua ndani ya miezi 3 hivi.

Tiba yake si nzito: machozi ya bandia kwa maelekezo ya daktari, kupepesa macho mara kwa mara wakati wa kusoma, na kuepuka upepo wa feni. Tusimnunulie mzee matone kwa kukisia, kwani yenye steroidi huweza kupandisha presha ya jicho. Asali na wanja tuviweke kando. Ama maumivu makali, wekundu unaozidi au uoni unaofifia, hayo si ya kungoja. Afikishwe hospitali siku hiyo hiyo.

Kuhusu saumu, katika madhehebu ya Imam Shafii jicho halihesabiwi kuwa tundu lililo wazi la kufikia ndani ya mwili, hivyo matone hayafunguzi. Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha Jeddah mwaka 1997, nalo liliamua kuwa matone ya jicho hayabatilishi saumu, maadamu mtu hamezi kinachofika kooni. Anayehisi uchungu wa dawa kooni afumbe jicho na kubana kwa kidole kona iliyo upande wa pua, kwa dakika 1 au 2.

Mzee wetu alikubali tuzungumze na mwanawe, naye akamrudisha kliniki. Sasa chupa ya matone imo mfukoni mwa kanzu, na msahafu umerudi mikononi mwake. Basi nasi tusitosheke kumuuliza mzee kama anaona. Tumuulize pia kama jicho limetulia.

Allah awaafu wazee wetu. Wallahu a'lam.