Sinema zinatudanganya kuhusu bunduki



Nataka kutoa maoni yangu juu ya jambo ambalo wengi wanaliona dogo, lakini kwa maoni yangu ni la hatari. Nalo ni jinsi sinema na michezo ya televisheni inavyoonyesha bunduki.

Mimi ni askari mstaafu. Silaha nimeibeba kwa miaka mingi na kuifundisha kwa wengine. Kila ninapoangalia sinema pamoja na vijana, nawasikia wakiamini mambo ambayo hayapo kabisa.

La kwanza ni risasi zisizokwisha. Magazini ya kawaida ya SMG huchukua risasi 30, na bunduki hiyo hufyatua kiasi cha risasi 600 kwa dakika. Mwenye kuishikilia bila kuachia atabaki na bunduki tupu baada ya sekunde tatu tu. Lakini shujaa wa sinema humimina risasi tangu mlangoni hadi darini bila kubadili magazini!

La pili ni mtu kurushwa nyuma na kuvunja dirisha baada ya kupigwa risasi. Kichwa cha risasi ya SMG kina uzito wa gramu nane hivi. Ingawa kinakwenda mita 700 na zaidi kwa sekunde, msukumo wake kwa mtu wa kilo 70 haufikishi hata mwendo wa sentimita kumi kwa sekunde. Isitoshe, kama risasi ingeweza kumrusha anayepigwa, basi kitako nacho kingemrusha anayepiga. Aliyepigwa huanguka pale pale aliposimama, na pengine hukimbia hatua kadhaa kabla hajajua kuwa ameumia.

La tatu ni kiwambo cha kuzuia sauti. Kifaa hiki kilipata hataza huko Marekani mwaka 1909 kwa jina la Hiram Percy Maxim. Ni kweli kinapunguza mlio, lakini bunduki yenye mlio wa desibeli 160 itabaki na 125 au zaidi, nayo ni kelele kuliko mashine ya kuvunjia barabara. Mlinzi aliye chumba cha pili atasikia tu.

Msomaji anaweza kuniuliza: sinema ni burudani, hasara iko wapi? Hasara iko katika uongo wa nne, nao ndio mbaya kuliko yote. Shujaa hupigwa risasi ya bega au ya paja, hufunga kitambaa, na pambano likaendelea. Ukweli ni kwamba ndani ya paja mmepita mshipa mkubwa wa damu. Ukikatika, mtu hufa kwa dakika chache. Begani nako kuna mshipa mkubwa na neva za mkono mzima. Kijana aliyelelewa na sinema hudhani kumpiga mtu mguuni ni kumwonya tu. Tena hudhani aliyejeruhiwa anaweza kungoja, badala ya kukandamiza jeraha na kumkimbiza hospitali mara moja.

Hata watengenezaji wa sinema wenyewe wameangamizwa na mchezo huu. Oktoba 1984, mwigizaji Jon-Erik Hexum alijiwekea kichwani, kwa mzaha, bastola yenye risasi baridi, yaani zenye baruti bila kichwa. Msukumo wa baruti ulimvunja fuvu akafa. Mwaka 1993 Brandon Lee aliuawa wakati wa kupiga sinema, kwa sababu kichwa cha risasi ya bandia kilikuwa kimekwama ndani ya mtutu na risasi baridi ikakisukuma nje. Na tarehe 21 Oktoba 2021, huko New Mexico, bastola iliyokuwa mkononi mwa mwigizaji Alec Baldwin ilimwua mpiga picha Halyna Hutchins na kumjeruhi mwongozaji. Waliambiwa bastola ni salama, kumbe ndani mlikuwa na risasi ya moto. Msimamizi wa silaha alihukumiwa kifungo cha miezi 18 mwaka 2024.

Askari yeyote anajua kanuni ambazo zingewaokoa watu hao: kila bunduki ihesabiwe kuwa ina risasi, kila anayeipokea aikague mwenyewe, mtutu usielekezwe kwa mtu, kidole kikae nje ya kifyatulio. Waigizaji hukiuka kanuni hizi mbele ya kamera, na watoto wetu wanatazama.

Kwa hiyo natoa wito kwa Bodi ya Filamu. Bodi inapokagua picha hutazama maadili, na inafanya vema. Basi iwatake pia watengenezaji wa sinema wetu kutumia silaha za bandia zisizoweza kufyatua chochote, kama Dwayne Johnson wa Marekani alivyotangaza kwa kampuni yake Novemba 2021. Pia wawe na mshauri anayeijua silaha. Mlio na moshi vinaweza kuongezwa baadaye na mafundi.

Nanyi wazazi, mnapoangalia sinema na watoto, waambieni ukweli. Bunduki si mwanasesere.

Askari Mstaafu,
Morogoro.