Mitambo Nayo Husubiri Zamu

Askari aliyewahi kushika simu ya upepo aijua kanuni: mmoja husema, wengine husikiliza. Wawili wakisema pamoja, habari hupotea.

Mitambo ya viwandani nayo ina nidhamu hiyo. Chukua kazi ya saruji, ambayo sisi wa Kisoko twaijua kwa jirani zetu wa Tororo mjini. Kazi hiyo yahitaji tanuri, mikanda ya kuchukulia mawe na mota nyingi. Vyombo hivyo vyaweza kuunganishwa kwa jozi moja ya nyaya, kila kimoja kikiwa na namba yake.

Kanuni moja mashuhuri ya mazungumzo hayo, Modbus, ilitolewa na kampuni ya Modicon ya Marekani mwaka 1979. Msimamizi ni mmoja. Huita namba, tuseme 12, na kuuliza kiasi cha joto. Namba 12 pekee hujibu. Kila ujumbe humalizikia kwa hesabu ya kuhakiki. Isipolingana, ujumbe hutupwa.

Jibu lisipofika, msimamizi huita tena. Chombo nacho, kisipoitwa kwa muda uliowekwa, chaweza kupangiwa kusimamisha mota, kwani hata amri ya kuokoa mkono ulionaswa na mkanda isingekifikia. Kimya kingi kina mshindo mkuu.

Basi mama watoto akituma habari kambini, ajibiwe upesi, japo kwa neno moja: "Nimepata."