Mama Hakurogwa

Handeni yuko bibi amwitaye mwanawe kwa jina la kakake aliyekufa zamani. Usiku hufungua mlango akitafuta nyumba ya babake. Jamaa wakaamua: karogwa! Mbuzi wawili wamekwisha vuka Korogwe kwa mganga, na jirani yao, mjane maskini, kwa kushukiwa tu haamkiwi tena.

Wallahi, huu ni ujinga wenye dhuluma ndani yake. Maradhi hayo yana jina. Daktari Mjerumani, Alois Alzheimer, aliyaeleza mwaka 1906 baada ya kuuchungua ubongo wa marehemu mmoja. Wala usiseme ni ya Wazungu. Wilayani Hai, Kilimanjaro, mwaka 2010 walipimwa wazee 1,198 wa miaka 70 na zaidi. Wapatao 6 katika kila 100 walikuwa na maradhi ya kupotewa na akili, na hayo ya Alzheimer ndiyo makubwa yao. Dawa ya kuyaondoa haijapatikana duniani. Mganga kaipata wapi? Hospitali mpeleke, maana upo usahaulifu utokanao na homa au dawa, nao hutibika. Na umri wa namna hiyo umetajwa katika Suratun Nahl. Hukuisoma chuoni?

Nina neno nawe, mtoto wa kiume uliyeko Tanga mjini. Waleta noti siku ya Idi, kisha warudi. Amwoshaye mamako ni nduguyo wa kike, aliyeacha biashara yake ya maandazi; bintiye kaondolewa shule amlinde bibi mlangoni. Na thawabu mgawane sawa? Njoo ukeshe nawe, japo wiki moja kila mwezi. Na ukifika, anza kwa yule mjane, umwombe radhi.