Watoto wasichaguliwe kwa mizani

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua ili nitoe dukuduku langu juu ya jinsi baadhi ya walimu wa michezo wanavyochagua watoto wa kucheza tenisi, mpira wa vinyoya na mpira wa meza.

Hivi karibuni binti yangu mwenye umri wa miaka 13 alikwenda kujaribiwa katika timu ya tenisi. Kabla hajashika raketi alipimwa urefu, akapandishwa kwenye mizani. Akaambiwa mbele ya wenzake kwamba ni mfupi na mnene mno, arudi nyumbani. Tangu siku hiyo anasusa chakula cha jioni. Mimi na mama yake tukimbembeleza, anajibu kwamba mizani itamkataa tena.

Ndugu Mhariri, sikatai kwamba umbo lina kazi yake. Mchezaji mrefu wa tenisi huanzisha mpira kutoka juu, ukavuka wavu kwa pembe asiyoipata mfupi. Viktor Axelsen wa Denmark, mwenye urefu wa mita 1.94, alitwaa dhahabu ya Olimpiki katika vinyoya huko Tokyo mwaka 2021 na Paris mwaka 2024. Lakini mfupi naye hugeuka upesi na kuuwahi mpira wa chini. Ivo Karlović wa Kroatia, mwenye mita 2.11, hakupata kupita nafasi ya 14 duniani katika tenisi. Diego Schwartzman wa Argentina, mwenye mita 1.70 tu, alifika nafasi ya 8 mwaka 2020.

Tena yuko Deng Yaping wa China. Timu ya jimbo lake ilimkataa kwa sababu ya ufupi, maana alikuwa na kimo cha mita 1.50 hivi hata alipokuwa mtu mzima. Dada huyo alitwaa dhahabu nne za Olimpiki katika mpira wa meza, mbili mwaka 1992 na mbili mwaka 1996. Je, hao waliomkataa walikuwa wanapima nini? Wahenga walisema, mdharau mwiba mguu huota tende.

Na hiyo mizani haitofautishi misuli na mafuta. Watoto wawili wenye kilo sawa huweza kuwa na miili tofauti kabisa. Aidha, msichana anapopevuka mwili wake huongeza mafuta; hiyo ni kazi ya maumbile, wala si uvivu. Akisusa chakula, hupungukiwa na nguvu zile zile anazozihitaji uwanjani.

Isitoshe, mchezo wenyewe ndio huujenga mwili. Aliyeanza tenisi utotoni, mfupa wa mkono wake wa raketi huwa mnene kuliko wa mkono wa pili. Sasa tutadaije matunda kabla ya kupanda?

Nawaomba walimu wa michezo wampe kila mtoto raketi kwanza. Watazame macho yake, miguu yake na moyo wake wa kujifunza, japo kwa miezi michache. Kama ni lazima kupima, basi wapime faraghani, na matokeo wapewe wazazi.

Binti yangu huenda asiwe bingwa, na hilo halinisumbui. Ninalotaka ni ale chakula chake cha jioni bila kuiogopa mizani.

Mzazi,
Tanga.