MAJIRANI WAWILI NA MARAFIKI WA MBALI

Wasomaji, sisi wa Kikoneni hatuko mbali na mpaka wa Lunga Lunga, na ng'ambo yake ni Horohoro, upande wa Tanga. Mstari huo ulipatanwa na Waingereza na Wajerumani mwaka 1886. Lakini Wadigo wako pande zote mbili, wala undugu haukatwi kwa wino. Kwa hiyo yanayosemwa Nairobi na Dar es Salaam juu ya mambo ya nchi za nje yatuhusu sana.

Kenya na Tanzania ni rafiki tangu uhuru, ila hazikuchagua marafiki wale wale. Desemba 1965 Tanzania ilivunja uhusiano wa kibalozi na Uingereza kwa ajili ya Rhodesia, Kenya haikuvunja. Mwaka 1968 Tanzania iliitambua Biafra; Kenya haikuitambua. Tanzania ilijengewa reli ya Zambia na Wachina; Kenya iliegemea Uingereza na Marekani. Katika hayo hapana kosa, maana kila mwenye nyumba huchagua wageni wake.

Kosa ni kuacha kuketi pamoja. Amin alipotwaa Uganda mwaka 1971, Mwalimu Nyerere alikataa kukaa naye, na mkutano wa wakuu wa Jumuiya ukakoma. Ndipo ugomvi wa reli, bandari na ndege za shirika ulipokosa mwamuzi. Februari 1977 Tanzania ilifunga mpaka, na Jumuiya ikafa mwaka ule ule. Mpaka haukufunguliwa hadi Novemba 1983. Karibu miaka saba! Je, aliyeumia ni Mchina au Mmarekani? La, ni mwenye shangazi Tanga na mwenye nazi za kuuza.

Jumuiya ilifufuliwa kwa mkataba wa Arusha wa tarehe 30 Novemba 1999, na tofauti zingaliko. Katika vita vya Kongo ya mashariki, Kenya ilipeleka askari mwaka 2022 chini ya Jumuiya yetu. Tanzania ikaingia katika jeshi la nchi za Kusini mwa Afrika lililofuata. Hata hivyo, Februari 2025 jumuiya hizo mbili zilikutana Dar es Salaam katika baraza moja. Hiyo ndiyo njia ifaayo.

Basi wakubwa wetu na watofautiane, lakini barazani, na njia ya Horohoro ikiwa wazi. Rafiki wa mbali ni mzuri, lakini wazee walisema: fimbo ya mbali haiui nyoka.