Kodi ya Duka: Ordinateri ao Mtu wa Hesabu?



Mwezi huu tuzungumze juu ya kodi. Wengine watasema: «Pasta, achia serikali mambo ya serikali.» Lakini kodi ilivunja amani katika jamaa moja ya kanisa letu, na mimi mwenyewe nilikuwa na sehemu katika kosa lile.

Mama mmoja anauzia wachimbaji nyundo, mifuko na buti. Biashara ilipokua, aliniuliza nani anaweza kumfanyia hesabu ya kodi. Nikamtajia ndugu mmoja, kwa sababu anaomba vizuri na haachi ibada. Sikuuliza kama alisomea kazi ile. Kila mwezi mama alimpa franga mkononi. Kisha barua ikafika: kodi ya miezi mingi haijalipwa, na malipo ya azabu juu yake. Mama akaja nyumbani kwangu akilia: «Baba Pasta, franga nilimupatia yote, akasema aliisha kulipa!» Nikauliza karatasi za banki. Hakukuwa hata moja.

Kijana wake akasema: «Mama, tuache watu. Ordinateri haiibi.» Akaweka programu ya hesabu.

Ni kweli, mashine haiibi. Haichoki, na haikosei kujumlisha. Lakini haiulizi swali. Kijana aliandika feza za masomo ya wadogo wake kama garama ya duka, mashine ikakubali. Akapunguza TVA waliyolipa kwa wauzaji wa Lubumbashi, lakini fakture zingine hazikuwa na namba ya kodi ya muuzaji, ikakubali tena. Kila jumla ilikuwa sawa, lakini hesabu yenyewe haikuwa ya kweli, na kijana hakujua.

TVA ilianza katika inchi yetu Januari 2012, 16 kwa 100. Haigusi kila kibanda, ila biashara inayofikia kiasi cha sheria. Mwenye kuguswa anapaswa kuitangaza kila mwezi, mbele tarehe 15 ya mwezi unaofuata haijapita. Tena fakture isiyo na namba ya kodi ya muuzaji haikupi haki ya kupunguza kitu. Mtu aliyesomea kazi angeiona fakture ile na kuuliza: «Hii ilitoka wapi?» Swali lile moja ndilo unalomlipia.

Basi tuchague namna gani? Kama biashara ni ndogo, bila wafanyakazi, na kila mwezi ni sawa na mwingine, daftari ao programu inatosha, ukiandika kweli. Lakini kama una TVA, mishahara ya watu, mwenzako wa biashara, ao barua kutoka DGI, tafuta mwenye ruhusa. Sheria ya mwaka 2015 iliunda Ordre National des Experts-Comptables. Mtu akisema yeye ni expert-comptable, muulize namba yake katika orodha ya Ordre. Si matukano; fundi wa kweli hakasiriki. Muulize pia bei mbele ya kuanza, kama yule mwenye kujenga mnara katika Luka 14:28 anayeketi kwanza na kuhesabu.

Na mara nyingi haifai kuchagua kimoja tu. Kijana aandike mauzo na garama kila jioni katika ordinateri. Kontable aje kuyapima. Hivi mtu wa hesabu hatumii siku nyingi, na bei inashuka.

Lakini vijana, mshike neno hili: sahihi ni ya mwenye duka. Siku ya kosa, biro ya kodi haitaita mashine. Itamwita mama. Kwa hiyo asome karatasi mbele ya kutia sahihi. Franga ya kodi iende banki, si katika mfuko wa mtu, hata akiwa mwimbaji wa kanisa. Karatasi ya banki ichungwe. Sheria ya OHADA inadai vitabu vya biashara vichungwe miaka 10.

Yule mama aliandika barua kuomba kulipa kidogo kidogo, akakubaliwa. Alilipa mara ya pili feza alizoisha kutoa. Nami nilienda kuomba msamaha mbele yake na kijana wake. Nilijifunza kwamba sala nzuri si diploma. Watoza kodi walipomwuliza Yohana wafanye nini, aliwaonya kuhusu kazi yao yenyewe: wasitoze kupita kiasi kilichoamriwa (Luka 3:12-13). Imani ya mtu inapimwa pale pia.

Maswali ya kuzungumza jioni:
1. Nyumbani kwetu, nani anachunga karatasi za malipo?
2. Feza za duka na feza za nyumba zinakaa mahali pamoja?
3. Mtu tunayemwamini kwa hesabu, tulimwuliza nini kwanza?

Bwana awabariki. Tutaonana mwezi ujao.

Pasta wenu