«Fell» si «descended»: tusivikimbie vitenzi vikaidi

Katika Idara ya Kiingereza kuna orodha moja ambayo kila mmoja wetu ameibeba kichwani tangu shule ya sekondari: safu tatu, kuanzia «arise, arose, arisen» hadi «write, wrote, written». Tunaikariri kwa alfabeti kama litania, tunaimwaga siku ya mtihani, tunapata pointi zetu. Lakini tukipewa karatasi tupu na kuambiwa tusimulie jambo lililotokea jana, vitenzi hivyo visivyofuata kanuni, ambavyo hapa nitaviita vikaidi, havionekani tena. Mahali pa «began» tunaandika «commenced». Mahali pa «bought» tunaandika «purchased». Maji ya Nzilo yakipanda, kwetu hayakufanya «rose», yalifanya «augmented». Maoni yangu ni kwamba tumejifunza kukimbia, na mbio hizi zina gharama, hasa kwetu hapa Kolwezi.

Njia ya kukimbilia tumechongewa na Kifaransa. Baada ya Wanormandi kuiteka Uingereza mwaka 1066, maelfu ya maneno ya Kifaransa yaliingia katika Kiingereza, na vitenzi vyake karibu vyote vikavalishwa «-ed». Vikaidi wengi ni wa ukoo wa zamani zaidi, ule wa Kijerumani. Ndiyo maana Kiingereza mara nyingi kina jozi: neno la wenyeji lenye ukaidi wake na kisawe cha mgeni kilichonyooka. Mwanafunzi aliyesomeshwa kwa Kifaransa tangu utotoni anapokutana na «commenced» anaona «commencer» na moyo unatulia. Maana anaijua, umbo haliwezi kumponyoka. Mwalimu naye anaposahihisha haweki alama nyekundu, kwa sababu sarufi haina kosa. Hivyo mtu anaweza kufika mwaka wa mwisho bila kuambiwa kwamba anakimbia.

Lakini visawe si mapacha. Kiswahili chenyewe kinatufundisha hilo. Tuna «kufa», neno la Kibantu, na «kufariki», lenye asili ya Kiarabu. Mzee wetu amefariki. Kuku wa jirani amekufa, na atakayesema kuku huyo amefariki atachekwa mtaa mzima. Anayesimulia kwamba sokoni Manika «I purchased two mangoes» anachekesha kwa namna hiyohiyo. Hapo hasara ni kicheko tu. Kuna mahali hasara ni kubwa kuliko kicheko.

Wengi wetu tukimaliza masomo tutabisha hodi kwenye makampuni ya migodi, ambako ripoti inaweza kusomwa kwa Kiingereza na mtu aliye mbali, asiyejua lolote zaidi ya maneno yaliyo mbele yake. Tuchukue ripoti ya ajali. Mfanyakazi ameanguka kutoka kwenye ngazi: «he fell». Mwandishi hana hakika kama ni «fell» au «falled», anajiokoa kwa «descended». Sasa mfanyakazi hakuanguka tena. Ameshuka mwenyewe kwa miguu yake. Mwenzake aliondoka saa kumi na mbili, zamu ilipokwisha: «he left his post». Mwandishi anaona «abandoned» iko karibu na «abandonner», anaiandika, na yule aliyemaliza zamu yake amegeuka mtoro. Wa tatu alisema anaumwa: «he said he was ill». Mwandishi anakumbuka «prétendre», ambayo kwa Kifaransa ni kudai, anaandika «he pretended to be ill». Kwa Kiingereza «pretend» ni kujifanya. Mgonjwa amekuwa mwongo. Vitenzi vitatu, vyote na «-ed» yake sahihi kabisa, na watu watatu wamepoteza haki yao. Mtafsiri wa namna hii si mtafsiri dhaifu tu, ni shahidi wa uongo asiyejijua.

Basi kwa nini tunaviogopa? Kwa sababu tumeonyeshwa fujo mahali ambapo kuna utaratibu. Mwaka 2007 Erez Lieberman na wenzake wa Chuo Kikuu cha Harvard walichapisha katika jarida la Nature hesabu ya vitenzi 177 vilivyokuwa vikaidi katika Kiingereza cha kale. Katika Kiingereza cha kati 145 kati ya hivyo vilikuwa bado vikaidi. Leo vimebaki 98. Kinachookoa ukaidi ni matumizi: kitenzi kinachotumika mara 100 pungufu hunyooshwa mara 10 upesi zaidi. Sisi pia tunayo mambo hayo. Kanuni ingetaka «ja», «leta» na «enda», lakini Kiswahili sanifu kinaamuru «njoo», «lete», «nenda», kwa sababu maneno hayo yako mdomoni kila siku na hayajapata nafasi ya kunyooshwa. Vikaidi, kwa hiyo, ndivyo vitenzi vya kila siku. Anayevikwepa anakwepa lugha yenyewe.

Tena vikaidi wana familia, na familia hushikwa kwa sikio. Alfabeti haisaidii. Kuna «sing, sang, sung», pamoja na «ring», «drink», «begin», «sink» na «swim». Kuna «buy, bought», pamoja na «bring», «think», «fight» na «seek», na jirani zao «teach, taught» na «catch, caught». Kuna «blow, blew, blown», pamoja na «grow», «know», «throw» na «fly». Kuna «cut», «put», «hit», «shut», «set» na «let», visivyobadilika kabisa. Familia nne, vitenzi 24. Mvuto wake ni mkubwa kiasi kwamba «catch», kilichotoka Kifaransa, kilivutwa ndani. Hata «dig», kitenzi cha ba-creuseurs wetu, hakikuzaliwa kikaidi: Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611 inaandika «digged». Baadaye kikajiunga na akina «spin, spun», na leo tunasema «dug». Katika mji wa shaba tungeanzia hapo: «dig, dug», «grind, ground», kusaga mawe, na «smelt», kuyeyusha madini, ambayo wakati uliopita ni «smelted», kwa maana Mwingereza akisema «we smelt it» anaweza kuwa anasema walinusa.

Wapo wahadhiri watakaosema visawe vinatajirisha msamiati. Ni kweli, kwa yule anayechagua. Anayemiliki «left» na «abandoned» anachagua. Anayeiogopa «left» hana uchaguzi. Wengine watasema safu tatu husahihishwa upesi, na darasa la kwanza lina watu wengi. Hilo pia ni kweli, na kazi yao siidharau. Ninachoomba ni kidogo: nusu ya pointi za vitenzi ziende kwenye aya moja ya mistari kumi, inayosimulia jambo lililotokea, na kando ya kila kikaidi mwanafunzi aandike kisawe alichokiacha na sababu ya kukiacha. Wanafunzi wasahihishane kwanza wawili wawili, ndipo mhadhiri apitie.

Nasi wanafunzi tusingoje mtihani ubadilike. Kila tunapojikuta tumeandika kitenzi chenye «-ed» na sura ya Kifaransa, tujiulize: nimekichagua, au nimekikimbilia? Kama tumekikimbilia, tufute, turudi kwenye neno lenyewe, hata kama itabidi kuuliza mwenzetu umbo lake.